Gunia Lenye Matundu Mawili

Jioni hii nataka tuongee juu ya vita, na nitaanza na gunia.

Ni gunia la kawaida tu, la katani, lile la kutilia mahindi na maharagwe. Wakati wa Hali ya Hatari, miaka ile ya 1950 serikali ya kikoloni ilipopigana na Mau Mau, hapa Murang'a na kote kuzunguka Mlima Kenya, gunia hilo lilitobolewa matundu mawili ya macho, akavikwa mtu kuanzia kichwani. Wanakijiji wakapangwa mstari na kupitishwa mbele yake mmoja mmoja. Hakusema neno, maana sauti ingemfichua. Alitikisa kichwa tu. Akitikisa hivi, unarudi kwako. Akitikisa vile, unapandishwa lori, na nyumbani wasijue watakuona lini. Wagikuyu walimwita gakunia, jina lililotokana na gunia hili hili la Kiswahili.

Nimelifikiria gunia hilo kwa miaka mingi, na kila nikilifikiria narudi kwenye swali moja: lilikuwa la nini? Askari aliyeletwa kutoka Uingereza hakujifunika uso. Afisa wa wilaya hakujifunika uso. Mgeni hana haja ya kuficha sura, maana hakuna anayemjua. Aliyehitaji gunia ni yule ambaye angeonekana tu, mama mmoja pale mstarini angesema: huyu nilimsaidia kuzaliwa, huyu alitahiriwa pamoja na mwanangu, huyu jana alikuja kwangu kuomba moto. Gunia lilikuwepo kwa sababu watu walikuwa wanajuana mno.

Kwa hiyo naomba leo tuiache kando ile hadithi tuliyozoea, kwamba vita vilikuja. Tunasema vita viliingia, vita vilitukumba, kana kwamba ni nzige waliotoka upande wa jangwa. Nzige hawana shangazi. Vita vina shangazi, vina wakwe, vina deni la mbuzi ambalo halijalipwa tangu mwaka juzi. Jamii hupigana kwa vyombo ilivyo navyo nyumbani, na hugombania mambo iliyokuwa ikiyagombania hata kabla ya risasi ya kwanza. Ukitaka kuvielewa vita vya Mau Mau, usianzie msituni. Anzia shambani.

Hapa kwetu nchi imekaa kama vidole vya mkono. Miinuko inashuka kutoka milima ya Nyandarua kwenda mashariki, na kati ya mwinuko na mwinuko kuna mto: Mathioya, Maragua, Thika na vijito vyake. Kila mwinuko ulikuwa na mbari zake, yaani koo zenye ardhi, na ndani ya ardhi ya mbari waliishi pia ahoi. Muhoi ni mtu aliyelima kwa hisani ya mwenye ardhi. Hakuwa mtumwa wala mgeni wa kudharauliwa. Aliomba, akapewa, akaishi, huenda akaoa humo humo. Lakini alikuwa pale kwa neno la mtu mwingine. Ardhi ilipokuwa tele, neno hilo halikuwa na uzito. Walowezi walipochukua sehemu kubwa ya nchi ya juu na serikali ikachora mipaka ya rizavu za Waafrika, watu wakaongezeka na ardhi isiongezeke, neno hilo likawa kisu. Wenye mbari walianza kuhesabu nani ni damu na nani si damu. Waliosoma misheni, waliokuwa machifu na waliokuwa na maduka walinunua, wakazungushia ua. Na kijana asiye na shamba hakuweza kulipa mahari, na asiyeoa hakuitwa mtu mzima, hata akiwa na ndevu.

Mwanahistoria John Lonsdale ameandika kwa kina juu ya jambo hili: kwamba kabla ya kuwa vita na Mwingereza, haya yalikuwa mabishano ya Wagikuyu wenyewe juu ya nani anastahili kuitwa mtu kamili. Naliamini hilo, kwa sababu nimeyasikia mabishano hayo katika vikao vya wazee ambao hawajawahi kufungua kitabu chake. Wapiganaji walisema wanataka ithaka na wiathi, ardhi na kujitawala. Na wiathi si bendera peke yake. Ni kijana kuwa na kwake, kuwa bwana wa mlango wake.

Halafu kuna kazi za mikono. Baada ya Vita Vikuu vya Pili serikali ililazimisha watu wa Murang'a, ambayo wakati huo iliitwa Fort Hall, kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Waume wengi walikuwa Nairobi wakitafuta kazi, kwa hiyo aliyechimba ni mwanamke. Asubuhi za kazi ya lazima alichimba matuta ya chifu, mchana akarudi kwenye shamba lake, jioni akaenda kuni. Mwaka 1947 mkutano mkubwa ukaazimia kwamba wanawake wasichimbe tena. Mwaka 1948 wanawake zaidi ya 2,000 wakatembea hadi bomani, wakicheza na kuimba, wakasema hawachimbi. Fikiria sauti hiyo ikipanda kutoka mtoni. Miaka 4 kabla ya Hali ya Hatari kutangazwa, wanawake hao walikuwa wamekwisha kusema hapana, tena kwa jembe, chombo walichokifahamu kuliko bunduki. Na haikuwa mara ya kwanza. Mary Muthoni Nyanjiru, aliyeuawa Nairobi mwezi Machi 1922 akiongoza wanawake waliodai mwanasiasa Harry Thuku aachiliwe, alikuwa binti wa Weithaga, hapa hapa Murang'a.

Kwa hiyo Gavana Evelyn Baring alipotangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, alilipa jina rasmi jambo ambalo lilikuwa limekwisha kukaa sebuleni.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo hesabu inapotushtaki. Walowezi raia waliouawa na Mau Mau katika vita vyote walikuwa 32. Waafrika raia waliouawa na Mau Mau, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walikuwa 1,819. Upande wa pili, serikali ilihesabu zaidi ya wapiganaji 10,000 waliouawa, na ikanyonga zaidi ya watu 1,000 kwa kamba, wengi wao kwa makosa ambayo hayakuwa ya kuua. Sisomi namba hizi ili kuupunguza ukatili wa mkoloni. Kambi zilikuwepo, mateso yalikuwepo, na mwaka 2013 serikali ya Uingereza yenyewe ilikiri bungeni na kukubali kuwalipa zaidi ya wazee 5,000. Nazisoma ili tuulize: mkono uliofika mlangoni usiku, mara nyingi ulikuwa wa nani? Ulikuwa mkono uliojua mbwa wa boma lile anaitwa nani.

Walinzi wa upande wa serikali waliitwa kamatimu, jina lenye mkuki ndani yake, maana itimu ni mkuki. Tumezoea kuwaita wasaliti tukamaliza. Mimi nimeacha kumaliza haraka hivyo. Wengi wao walikuwa wamekula kiapo cha Mau Mau kabla ya kushika mkuki. Wengine walijiunga baada ya ndugu kuuawa. Wengine walijiunga kwa sababu mwenye cheti cha uaminifu alisamehewa kodi na kuruhusiwa kusafiri, na aliyekosa cheti alikaa ndani. Na wengine, naam, walijiunga wapate kumvua jirani shamba. Katika boma moja kaka mkubwa alikuwa kamatimu na mdogo wake yuko msituni, na mama yao akawapikia wote wawili katika chungu kimoja, mmoja akila mchana, mwingine usiku. Ukiniambia mmoja alizaliwa na moyo mweupe na mwingine na moyo mweusi, nitakuuliza: nani alirithi shamba la juu karibu na barabara, na nani aliambiwa asubiri?

Hata kiapo chenyewe kilitoka nyumbani. Wagikuyu walikuwa na viapo vya kuamua kesi nzito, kama kile cha kumpiga mbuzi na kumvunja mifupa huku ukijilaani kama unasema uongo. Kilikuwa kiapo cha mchana, mbele ya watu, cha kumaliza ugomvi. Vita vilikichukua chombo hicho vikakitia gizani. Kikawa cha usiku, kikaliwa na wanawake na vijana, wengine kwa hiari, wengine kwa panga shingoni. Chombo cha kumaliza ugomvi kikawa cha kuuanza, na wazee wengi waliumizwa na hilo zaidi kuliko na mabomu yaliyokuwa yakidondoshwa Nyandarua.

Serikali nayo ikajifunza haraka kwamba vita hivi havimo msituni. Jenerali Kago, aliyewaongoza wapiganaji hapa Murang'a hadi alipouawa mwezi Machi 1954, hakuwa na ghala. Ghala lake lilikuwa vibuyu vya akina mama. Kwa hiyo mwezi Juni mwaka huo huo ikaamuliwa kwamba maboma yote yavunjwe na watu wakusanywe vijijini. Waingereza walikuwa wamekwisha kuijaribu mbinu hiyo Malaya. Katika muda usiozidi miezi 18 hivi, zaidi ya watu milioni moja wa nchi hii ya Mlima walihamishiwa katika vijiji zaidi ya 800, vyenye handaki, seng'enge na mnara wa mlinzi. Kwa Kigikuyu kijiji kile kinaitwa gicagi. Na hilo ni neno letu tena, kijiji. Gunia, kijiji: Kiswahili, lugha yangu ninayoipenda, kiliingia miinukoni mwetu kikiwa kimeshika fimbo, nami sitaficha kwamba jambo hilo linaniuma.

Niwaeleze gicagi kama nilivyoelezwa na nyanya yangu, mzaa mama. Kabla yake, Mgikuyu hakuishi kijijini. Kila mtu alikuwa na boma lake mwinukoni, mke na nyumba yake, ghala lake, migomba yake, na jirani ni moshi unaouona ng'ambo ya kijito. Siku moja asubuhi askari walikuja wakawaambia watoe vitu, kisha wakatia moto mapaa. Nyanya alibahatika kutoa chungu, jembe na ngozi ya kulalia. Akafika mahali pa uwazi penye vigingi, akaambiwa hapa. Alijenga nyumba mpya kwa siku chache na wanawake wenzake, udongo bado mbichi, na ile nyumba ilikuwa karibu sana na nyingine hata mtu akikohoa kule, mtoto wake huku anaamka. Alfajiri kengele ililia, kipande cha reli kikigongwa kwa chuma. Wakatoka mstari mmoja kwenda kuchimba handaki la kutenga msitu na rizavu, lililosimikwa vijiti vilivyochongwa ncha. Waliporudi walipewa saa moja ya kwenda shambani. Saa moja! Kulikuwa na vijiji vya adhabu ambako kafyu ilishika saa 23 kwa siku. Nyanya alisema katika saa hiyo ulichagua: ukichimba viazi, hukuchota maji, ukichota maji, hukupata kuni za kuvipikia. Kwa hiyo wanawake 4 waligawana, mmoja viazi, mmoja maji, mmoja kuni, na wa nne akabaki na watoto wote. Mmoja wa hao wanne alikuwa mke wa kamatimu. Nilimuuliza walimwaminije. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanateremka. Alikuwa na watoto, akasema.

Huo nao ni upande wa vita ambao vitabu vya mapigano havina nafasi nao. Vita huvunja undugu, na vita hivyo hivyo hulazimisha undugu mwingine. Ushirika mwingi wa akina mama tunaouona leo, wa kuezekeana mabati na kuchangiana fedha kwa zamu, naamini ulikomaa katika vijiji vile vya seng'enge.

Wanaume wakiwa kizuizini na wanawake wakiwa kafyuni, ardhi ikapimwa. Mwaka 1954 Roger Swynnerton, afisa wa kilimo, alitoa mpango wa kuviunganisha vipande vya mashamba, kila mtu apate shamba moja na hati yake. Kwa kilimo lilikuwa wazo zuri. Kahawa na chai zinazotulisha zilipata njia hapo. Lakini tazama saa iliyochaguliwa. Kamati iliketi, na aliyepaswa kusema mpaka wangu unapita kwenye mti ule, alikuwa katika kambi ya Manyani akivunja mawe. Aliyeketi kwenye kamati alikuwa yule mwenye mkuki na cheti. Hapa Fort Hall upimaji ulikuwa na makosa na upendeleo mwingi, hata sehemu kubwa ya kazi ikabidi irudiwe. Na kurudiwa kwenyewe hakukumrudishia kila mtu. Muhoi, yule wa kuishi kwa neno la mwingine, hakuwa na safu yake katika daftari. Ndiyo maana nasema vita vile havikuamuliwa na bunduki peke yake. Viliamuliwa kwa kalamu ya risasi na kamba ya kupimia.

Bildad Kaggia, aliyehukumiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta mwaka 1953, alitoka gerezani akilifahamu hilo. Akiwa mbunge wa Kandara, alidai waliopigana na wasio na ardhi wapewe bila kununua. Mwaka 1965, mbele ya watu wake mwenyewe huko Kandara, Kenyatta, sasa akiwa Rais, alimuuliza amejifanyia nini, ilhali waliofungwa naye wamekwisha kuwa na mashamba. Msikilizaji, lisikilize swali hilo kwa sikio la mwaka 1940: asiye na mali ana haki gani ya kusema? Ni swali lile lile la kabla ya vita, limevaa koti jipya. Kaggia alifariki mwaka 2005, hakuwa tajiri.

Walikuwepo pia waliokataa pande zote mbili, nao nawaheshimu kuliko ninavyoweza kueleza. Ahonoki, waliookoka, watu wa uamsho uliotoka Rwanda na kushika mizizi Weithaga na Kahuhia, walisema hawatakula kiapo kwa kuwa wamekwisha kunywa damu ya Kristo, na wengi wao wakasema pia hawatabeba bunduki ya serikali. Wakashukiwa na wote. Wengine wakauawa. Kanisa kuu la Kianglikana lililoko mjini Murang'a lilijengwa kuwakumbuka Wakristo wa namna hiyo. Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliweka jiwe lake la msingi mwaka 1955. Ndani yake kuna picha za ukutani zilizochorwa na Elimo Njau, Mtanganyika wa Kilimanjaro aliyesomea Makerere. Ukipita mjini, ingia. Utamwona Yesu Mwafrika, katika nchi ya vilima na migomba. Mara ya kwanza nilikaa mbele ya picha ya Gethsemane muda mrefu. Bustani ya usiku, mtu anasubiri kukamatwa, na anajua kwamba atakayemwonyesha ni mtu aliyekula naye. Nani katika Murang'a ya miaka hiyo angehitaji kufafanuliwa picha hiyo?

Na ukipanda hadi Nyeri, fika Mathari, kwenye kanisa la ukumbusho la Waitaliano. Wamelala humo wanajeshi wao waliofia utekwani Kenya katika Vita Vikuu vya Pili, pamoja na kiongozi wao, Duke wa Aosta, aliyefariki mwaka 1942, na majina yao yameandikwa ukutani. Kisha geuza macho upande wa Tetu, alikozaliwa Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na familia yake haijaonyeshwa kaburi. Siwaonei wivu Waitaliano. Nasema tu kwamba jamii inajulikana pia kwa wafu ambao imekubali kuwaandika. Mau Mau waliendelea kuwa chama kilichopigwa marufuku hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya Uhuru. Hatukuwa na haraka ya kuwaandika, kwa kuwa tungemwandika mmoja ingebidi tumtaje na jirani yake.

Leo vingi vya vijiji vile bado vipo. Handaki limefukiwa, limeota majani ya ng'ombe, lakini nyumba zimebanana vile vile, na humo wanaishi wajukuu wa wale ambao daftari halikuwapa safu. Kwa miaka mingi wamekuwa wakidai hati za viwanja vya futi chache. Karani anayewaambia warudi wiki ijayo hajui kwamba anashughulikia faili la mwaka 1954.

Nyanya yangu alipitishwa mbele ya gakunia mara mbili, na mara zote mbili kichwa kilimruhusu. Hakulizungumza hilo hadi alipokuwa mzee sana, siku moja tukimenya mahindi. Alisema gunia lilifika magotini tu. Wakati wake ulipofika, hakuyatazama yale matundu. Alitazama chini, akaiona miguu. Kidole kikubwa cha mguu wa kushoto kilikuwa kimepinda tangu utotoni, kilipokatwa na jembe, yeye na nyanya wakilima pamoja shamba la baba yake. Alinitajia jina. Ni babu wa jirani zetu. Baada ya vita ndiye aliyemsindikiza nyanya kwenda kudai shamba, akasimama mbele ya kamati na kuwaonyesha mpaka ulipokuwa, nyanya akapata nusu.

Mpaka huo bado upo. Ni mstari wa maua ya itoka, kama ilivyo desturi yetu ya kuweka alama za ardhi. Mvua za masika zikianza huwa tunaupalilia siku moja, mimi upande wangu na mjukuu wake upande wake, tukianzia juu barabarani na kushuka hadi mtoni.